Milango ya Kale na Watumiaji wa Viti vya Magurudumu

Imezoeleka kusemwa kwamba jengo la urithi haliguswi, na kwa hiyo mtu anayetumia kiti cha magurudumu hana budi kubaki nje. Si kweli. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, katika kifungu cha 5, unahimiza majengo ya kale yaendelee kuifaa jamii, mradi mpangilio na mapambo yake yasibadilishwe; nayo Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, unaogusa pia maeneo ya utamaduni.

Tuchukue mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, unaowekewa mota ili ujifungue wenyewe mtu akibonyeza kitufe. Mbao zake mbili hufunguka kwa ndani, na mfaa, ule mwimo wa katikati, umeshikamana na ubao mmoja huku ukiukinga mwingine kwa nje. Kwa hiyo mota zinapaswa kupangwa ili ubao usio na mfaa utangulie kufunguka na uwe wa mwisho kufungwa, la sivyo nakshi itavunjika. Mota hizo hufichwa sakafuni au nyuma ya kizingiti cha juu, na kitufe huwekwa kwenye nguzo inayojitegemea, pasipo kutoboa mbao za kale. Umeme ukikatika, mlango lazima usukumike kwa mkono.

Kazi ya namna hiyo huhitaji kibali, lakini kuhitaji kibali si kukatazwa. Linalonisumbua zaidi ni kizingiti cha chini na ngazi za baraza: pasipo mteremko, hata wa kuondoleka, mlango unaojifungua haumsaidii mwenye kiti cha magurudumu.