Injini ndogo kwenye baiskeli ya milimani: kazi iko gurudumu la nyuma

Seti nyingi za injini za mapigo mawili zinazotengenezwa kwa ajili ya baiskeli huandikwa 80cc kwenye boksi. Chukua rula upime: silinda ina kipenyo cha milimita 47, pistoni inapanda na kushuka milimita 38. Piga hesabu, utapata cc 66 hivi. Zinatosha sana. Nalitaja hili mapema ili ujue kwamba boksi na kilichomo ndani si lazima vikubaliane, na karatasi ya maelekezo nayo ni hivyo hivyo.

Watu huogopa injini. Mimi nimefunga kadhaa, na injini ndiyo sehemu isiyonichelewesha. Inakaa katikati ya fremu kwa vishikio viwili, unafunga kabureta na ekzosi, waya wa buluu unaenda kwa wa buluu, mweusi kwa mweusi. Ule mweupe, kama upo, ufunike ncha kwa utepe uachane nao. Kwenye baiskeli ya milimani kitu pekee cha kuangalia hapa ni bomba la mbele la fremu: kishikio kimepimwa kwa bomba jembamba la chuma, la milimita 28 au karibu na hapo, na fremu za alumini huwa nene kuliko hivyo. Tafuta kishikio kipana kinacholikumbatia bomba. Usitoboe fremu. Tundu moja kwenye alumini inayotikiswa na injini ni mwanzo wa ufa. Na kama baiskeli yako ina springi nyuma, usiifungie injini, kwa sababu gurudumu linapopanda na kushuka mnyororo unakaza na kulegea, na hakuna kikazio kitakachovumilia hayo.

Sasa gurudumu. Sproketi kubwa ya meno 44, lile duara la meno linalovutwa na mnyororo wa injini, hukaa upande wa kushoto, ikibanwa kwenye spoku kwa bolti tisa, mpira mmoja nje na mwingine ndani. Matundu tisa yanaingiana vizuri na spoku 36. Baiskeli nyingi za milimani zina spoku 32, kwa hiyo bolti zingine zitaangukia pale spoku inapopita, na ukilazimisha utaipinda. Tena upande huo wa kushoto ndiko diski ya breki inakokaa. Mara nyingi mimi hununua gurudumu jingine la spoku 36 lenye habu (kitovu cha gurudumu) ya kawaida, na breki ya nyuma nairudisha kwenye rimu ikiwa fremu ina sehemu za kuifungia. Ipo pia habu ya kubana sproketi bila kugusa spoku. Hiyo ni bora kuliko mipira, ila ipime unene wa habu yako kwanza.

Sproketi ikishafungwa, zungusha gurudumu ukiwa umeegesha penseli kwenye fremu, ncha yake ikikaribia meno. Ikiyumba zaidi ya milimita moja au mbili, kaza bolti za upande unaotoka nje, kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili kama unavyofunga tairi la gari. Kazi hii imewahi kunichukua saa mbili nzima, na sikujutia hata dakika moja.

Halafu kuna kikazio cha mnyororo, kile kigurudumu kinachobanwa kwenye bomba la chini karibu na ekseli. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa maana halisi ya neno. Bomba la baiskeli yangu halikuwa la mviringo kamili, kishikio kikazunguka taratibu, kikazio kikaingia kwenye spoku na gurudumu likasimama ghafla. Nilikuwa naenda polepole, nikachubuka kiwiko tu. Tangu siku ile sifungi kikazio bila kukipa mkono wa bati nene unaokiunganisha na bomba la juu yake, kisiweze kugeuka hata kikilegea. Kata mnyororo uwe mfupi kadiri inavyowezekana ili kikazio kisiwe na kazi kubwa. Uchezacheze kama sentimita moja na nusu ukiubonyeza kwa kidole. Tairi pana sana litausugua, kwa hiyo huenda ukalazimika kuweka jembamba.

Breki usiziache za mwisho kama nilivyofanya mimi hapa. Ndani ya injini giya hupunguza mizunguko mara 4.1 hivi, kisha meno 10 ya sproketi ndogo ya injini yanavuta meno 44 ya nyuma, jumla kama mara 18. Injini ikipiga mizunguko 4,500 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 linakupeleka kilomita 31 kwa saa, na bado injini haijamaliza nguvu. Mkono wa kushoto tayari umechukuliwa na klachi. Nunua mpini mmoja wa breki unaovuta waya mbili, uuweke kulia. Kabla ya kuingia barabarani, uliza pia sheria inaihesabu kama baiskeli au pikipiki.

Kuwasha ni kupiga pedali huku umeshika klachi, ukishapata mwendo unaiachia, injini inashtuka na kuwaka. Mafuta yachanganywe na oili ya mapigo mawili: mililita 60 kwa lita ya petroli mwanzoni, baadaye 40. Matangi ya kwanza usiipe gesi yote, na itafuka moshi; ndivyo inavyotakiwa. Ukirudi kutoka safari ya kwanza, hata ya kilomita tano, iache ipoe kisha pitisha spana kwenye kila nati. Utakuta angalau tatu zimelegea.