"I'm working on it" si ahadi

Wengi ninaowafundisha ni watu wazima wenye Kiingereza cha kutosha. Wamesoma sekondari kwa lugha hiyo na barua pepe wanaandika bila shida, lakini wakiingia kwenye mkutano wa mtandaoni na bosi aliyeko London au Chicago, kuna mambo yanawapita. Mara nyingi kinachowapita si msamiati mgumu. Ni "work", neno walilolijua tangu shule ya msingi, na kijineno kinacholifuata.

Chukua majibu mawili anayoweza kukupa mteja wa Uingereza ukimkumbusha malipo yako. La kwanza ni "We're working on it." La pili ni "I'm on it." Ukiyatafsiri harakaharaka yanafanana. Ila lile la kwanza ni ndugu wa damu wa "suala lako linafanyiwa kazi", na aliyewahi kufuatilia faili kwenye ofisi ya umma anaijua vizuri sentensi hiyo: haina tarehe, haina mwenye jukumu, rudi wiki ijayo. La pili lina mtu ndani yake. Anayesema "I'm on it" amejifunga yeye mwenyewe, tena sasa hivi, na lisipofanyika unajua wa kumuuliza. Basi bosi akiulizia ripoti ukamjibu "I'm working on it", ulichomwambia ni kwamba umeanza, hujamaliza, na lini utamaliza Mungu ndiye ajuaye. Kama itakuwa tayari saa nane mchana, mpe saa: "You'll have it by two."

Kiswahili nacho kinabeba habari za namna hii, ila sisi tunazipachika ndani ya kitenzi chenyewe: kufanya, kufanyia, kufanyisha, kufanyiana. Mwingereza kitenzi hakigusi, anakifungia mkia. Nadhani ndiyo maana sikio letu, lililozoea kupata kila kitu kwenye kitenzi, linatulia likishasikia "work", na mkia unapita hivihivi.

Kwenye usaili, mkia unaotuponza zaidi ni "with". Afrika Mashariki tunasema "I work with the ministry" au "I work with a bank" tukimaanisha tumeajiriwa pale, na hapa nyumbani kila mtu anaelewa. Mmarekani akiisikia anaweza kukuweka upande wa nje: labda wewe ni mshauri, labda mzabuni, labda shirika lako linashirikiana na benki hiyo. Aliyeajiriwa atasema "I work for" au "I work at". Ukisema "for" unamtaja anayekulipa. "At" inataja mahali au taasisi. "In" inataja fani, kama "in finance". Na "with" inataja wenzako au wale unaowahudumia, ndiyo maana nesi wa wodi ya watoto husema "I work with children". Siungi mkono wanaokiita Kiingereza chetu kibovu. Ni cha kwetu na kina kanuni zake. Lakini wasifu unaokwenda New York, andika "for".

Na ukiwa umeajiriwa moja kwa moja, sema "I work at a hotel", si "I'm working at a hotel". Hiyo ya pili inasikika kama kibarua cha msimu. "Nafanya kazi hotelini" ya kwetu inabeba zote mbili, kwa hiyo kosa hili ni rahisi mno kulifanya.

"Off" ndiyo yenye vituko. Tumeshaikopa, na hakuna mlinzi wala nesi asiyejua maana ya "leo niko ofu". Kwa wenyewe, "I'm off today" ni hiyo hiyo, siku ya mapumziko. Lakini mtu akichukua koti akasema "I'm off" tu, anakuaga. Mwingereza asiyefika kwa sababu anaumwa ni "off sick". Mmarekani huyo huyo mgonjwa ni "out sick". "We knock off at five" ni kutoka kazini saa kumi na moja jioni, ilhali "knock it off" ni kuambiwa uache upuuzi, kwa hiyo hako ka-"it" usikachomeke ovyo.

Halafu kuna "lay off", ambayo ina sheria ndani yake. Marekani siku hizi "I was laid off" maana yake kazi imekwisha, lakini si kwa kosa lako; kampuni imepunguza watu. "I was fired" ni kufukuzwa. Nawasikia watu waliopunguzwa, wenye barua safi kabisa, wakimwambia msaili "I was fired", na msaili anaanza kujiuliza waliiba nini. Uingereza mambo ni mengine. Mtaani wengi wanaitumia kama Wamarekani, ila kwa sheria yao ya ajira ya 1996, aliye "laid off" bado ana mkataba. Mwajiri hana kazi ya kumpa kwa wakati huo. Hali hiyo ikifika wiki 4 mfululizo, mfanyakazi mwenye sifa anaweza kuanza taratibu za kudai malipo ya kupunguzwa. Aliyepunguzwa moja kwa moja huitwa "made redundant". Kwa hiyo ukipata barua kutoka kampuni ya Manchester yenye maneno "temporarily laid off", usianze kuaga wenzako. Wamarekani kwa hali ya muda husema "furloughed", kama watumishi wa serikali kuu waliokaa nyumbani shughuli za serikali ziliposimama kwa siku 35, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019. Waingereza nao walilizoea neno hilo mwaka 2020, serikali yao ilipolipa sehemu ya mishahara wakati wa korona.

Jingine linaloulizwa sana ni "Does Tuesday work for you?" Hapo hakuna anayeulizia zamu yako. Anauliza kama Jumanne inakufaa, na jibu ni "Tuesday works". Ukijibu "No, I don't work on Tuesdays", atakupangia Jumatano, na wewe utashangaa mbona amekuwa mpole ghafla.