Jozi Kubwa Baada ya Flopu: Hesabu Inayotangulia Uamuzi

Wanafunzi wangu wa poka ya mashindano huniletea swali lilelile kwa sura mbalimbali: nilishika malkia wawili, flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, haikuleta karata ya kuwazidi, nikaweka chipu zangu zote, nikatolewa, je, nilikosea wapi? Nami huwauliza fungu la mezani lilikuwa na chipu ngapi karata tatu za kwanza zilipofunuliwa, na wao walikuwa wamebakiwa na ngapi. Wengi hawakumbuki. Karata wanazikumbuka zote, hata ghulamu wa pau aliyefunuliwa mwishoni, lakini nambari mbili zilizobeba uamuzi wenyewe zimewatoka kabisa.

Jozi inayozidi karata zote za mezani bado ni jozi moja tu. Inatosha kuniingiza katika fungu dogo au la wastani bila wasiwasi. Kama inatosha kubeba rundo langu lote, hilo hutegemea uwiano kati ya chipu zilizobaki nyuma na chipu zilizokwisha kuingia. Tuseme madau ya lazima ni 500 na 1,000, mwenye dau kubwa amelipa pia kiingilio cha 1,000 kwa niaba ya meza, nami nina chipu 30,000. Nikipandisha hadi 2,200 nikiwa na malkia wawili, na mwenye dau kubwa akafuata, fungu linakuwa 5,900 huku mimi nikibaki na 27,800, yaani chini kidogo ya mara tano ya fungu. Lakini kama mchezaji wa nafasi ya mwisho atapandisha juu yangu hadi 6,600, nami nikafuata peke yangu, fungu linafika 15,700 na nyuma yangu zinabaki 23,400, ambazo ni mara moja na nusu tu. Katika hali hii ya pili, flopu isipoleta ree wala mfalme, uamuzi wangu umekwisha kufanyika: chipu zitaingia, na kinachobaki ni kuchagua njia ya kuziingiza. Katika hali ya kwanza ninaweka dau kwenye flopu, mara nyingi kwenye karata ya nne pia, lakini mpinzani mtulivu akinipandishia kwa nguvu kwenye karata ya nne, ninakubali kwamba huenda nimeshindwa.

Mwanzoni mwa mashindano makubwa uwiano huwa wa kutisha zaidi. Mashindano makuu ya World Series of Poker huwapa wachezaji chipu 60,000 wakati dau kubwa la lazima ni 200. Fungu la kawaida la watu wawili huwa na chipu 1,300 hivi, na rundo lililobaki ni zaidi ya mara 40 yake. Mtu anayetaka kucheza kwa rundo zima katika hali hiyo kwa kawaida ana karata tatu zinazolingana au zaidi, na ree wawili mbele yake ni karata za kutupwa, hata kama mkono unakataa kuzisukuma.

Kisha ninaitazama sura ya meza. Kwenye 9 ya kopa, 6 ya uru na 2 ya shupaza, dau la theluthi ya fungu linanitosha, kwa kuwa karata za kunipindua ni chache na jozi ndogo zitafuata bila kinyongo. Kwenye 9 na 8 za kopa pamoja na 6 ya uru, dau hilohilo ni zawadi. Anayefuata theluthi ya fungu anahitaji kushinda asilimia 20 ya wakati, na anayesubiri flashi, yaani karata tano za alama moja, akiwa na karata tisa za kumkamilishia, huipata kwenye karata inayofuata tu kwa takriban asilimia 19, bado hatujahesabu chipu atakazonikamua akishaipata. Dau la theluthi mbili humdai karibu asilimia 29, kwa hiyo hapo ndipo ninapoanzia. Wanaopenda kuificha jozi ya ree ili kumtega mpinzani huwa hawaijali hesabu hii, nami nakiri kwamba miaka yangu ya mwanzo nilikuwa miongoni mwao.

Ree akitokea juu ya wafalme wangu, jambo linalofika takriban asilimia 23 ya flopu, sitishiki wala sikazi shingo. Jozi ndogo kuliko yangu ina karata mbili tu za kuiokoa, sawa na asilimia 8 hivi hadi karata ya tano, kwa hiyo kumwachia mpinzani karata ya bure hakunigharimu sana. Ninapita bila kuweka dau, fungu linabaki dogo, kisha ninalipa dau moja, pengine mawili yakiwa madogo. Malkia hukutana na ree au mfalme kwenye asilimia 41 ya flopu, na ghulamu hupata karata ya kuwazidi kwenye asilimia 57. Mwenye jozi hizo azoee hali hii mapema.

Karibu na mstari wa zawadi, yaani pale wachache tu wanapobaki kutolewa kabla ya wengine kuanza kulipwa, mizani hubadilika tena. Chukua wachezaji wanne wenye chipu sawa, na zawadi tatu za asilimia 50, 30 na 20. Kila mmoja ana haki, yaani sehemu anayotarajia kupata kwa wastani, ya asilimia 25 ya fedha. Anayemtoa mwenzake huongeza chipu zake maradufu, lakini haki yake hupanda hadi asilimia 38.3 tu, hivyo kuhatarisha rundo zima kunamtaka ashinde zaidi ya asilimia 65, kabla ya kuhesabu chipu zilizokwisha kuingia mezani. Jozi kubwa mbele ya anayesubiri flashi kwenye flopu hushinda asilimia 64 hivi. Kwa sababu hiyo, dhidi ya mwenye rundo linaloweza kunitoa, hapo ninaweka madau madogo na kuwaacha malkia mapema kuliko ilivyo desturi yangu. Dhidi ya mwenye chipu chache, ambaye akishinda atanipunguza tu, ninamfuata bila kusita.