Kinga ya bure ya kompyuta ya nyumbani: kabla hujapakua chochote

Mama mmoja alituletea kompyuta mpakato ya familia akilalamika kwamba imekuwa nzito, na kila akifungua kivinjari anapelekwa kwenye ukurasa asioujua. Tulipoiwasha, macho yetu yalikwenda moja kwa moja kwenye kona ya chini kulia, karibu na saa. Palikuwa na alama za programu nne za ulinzi, zote za bure, zote zimewekwa na mwanawe kwa nia njema. Mbili zilikuwa halali lakini zikigombania faili zilezile: ya kwanza ikigusa faili kuikagua, ya pili inashtuka na kuikagua ya kwanza. Ya tatu ilishamaliza muda wake wa majaribio siku nyingi, imebaki kuonyesha matangazo.

Ya nne ndiyo iliyotuweka kwa muda. Tulikata intaneti, tukabonyeza kitufe chake cha kukagua. Baada ya sekunde nane ikatangaza kwa maandishi mekundu kwamba imekuta vitisho 412. Hatukugusa kitu, tukabonyeza tena: vitisho 389. Mara ya tatu, 440. Haikuwa inakagua chochote, ilikuwa inajitajia namba tu. Na ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikibadilisha ukurasa wa kivinjari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Watu wakituandikia kuhusu programu za kijasusi, swali lao karibu kila mara ni moja: niweke ipi ya bure? Mimi huwarudishia maswali mawili. Je, unajua ni ipi uliyonayo tayari? Na huyo anayekupa kinga bila malipo, riziki yake anaipata wapi?

Tuanze na adui mwenyewe, kwa sababu aina yake ndiyo inayoamua aina ya kinga. Programu ya kijasusi haina haja ya kuharibu kompyuta yako. Inataka uendelee kuitumia kwa raha zako. Zipo zinazonasa kila herufi unayoandika kwenye kibodi, zipo zinazopiga picha ya skrini kila baada ya muda, zipo zinazofuatilia tovuti unazotembelea ili kuuza habari hizo kwa watangazaji. Zinazotusumbua zaidi siku hizi, hata hivyo, ni zile tunazoziita wezi wa taarifa. Hizi hazikai. Zinaingia, zinazoa nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, zinatuma kwa mwenyewe ndani ya dakika chache, na nyingine hujifuta zikimaliza.

Hapo kwenye vidakuzi ndipo watu wengi hawaelewi hatari ilipo. Ukishaingia kwenye barua pepe yako, tovuti inakupa kijifaili kidogo, ndicho kidakuzi, mfano wa tiketi iliyokwisha kukatwa mlangoni, ili isikuulize nywila kila ukifungua ukurasa. Mwizi akiichukua tiketi hiyo anaweza kupita moja kwa moja. Haombwi nywila, wala ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo programu ya bure ambayo hukagua siku ukiikumbuka itakuambia tu kwamba wiki iliyopita uliibiwa. Unachohitaji kwanza ni mlinzi anayesimama mlangoni muda wote, anayekagua faili pale inapofunguliwa. Mkaguzi wa mara mojamoja ana kazi yake, lakini ni wa pili.

Bado kuna ushauri wa zamani unaozunguka kutoka mtu hadi mtu: weka antivairasi moja, ongeza programu mbili tatu za kuwinda majasusi, utakuwa salama. Ushauri huo ulikuwa na maana yake. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, antivairasi nyingi zilishughulika na virusi tu; programu za kijasusi na za matangazo ziliachwa zipite, nyingine zikijificha nyuma ya masharti ambayo mtumiaji alikuwa "amekubali" bila kuyasoma. Ndipo zikapendwa programu kama Ad-Aware na Spybot. Kisha Desemba 2004 Microsoft ikainunua kampuni ya GIANT, iliyokuwa na programu nzuri ya kuwinda majasusi, na kutoka humo ikazaliwa Windows Defender. Ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, Defender ilikuwa imekua na kuwa antivairasi kamili. Leo mipaka ile haipo. Antivairasi yoyote inayojiheshimu inawinda vyote, na anayekushauri kurundika programu nne anakupa dawa ya ugonjwa wa miaka 20 iliyopita.

Kwa hiyo kama unatumia Windows 10 au 11, mlinzi wa mlangoni unaye tayari, hukumlipa na hakudai. Fungua Windows Security, sehemu ya usalama iliyomo ndani ya Windows, uone kama ameamka, maana ukiweka antivairasi nyingine Defender hujiondoa kazini yenyewe, na ile nyingine ikiisha muda watu hudhani bado wanalindwa. Hakikisha kinga ya muda wote imewashwa, na kwamba ile inayozuia mipangilio ya Defender isichezewe nayo imewashwa. Maabara huru za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria huzipima antivairasi mara kwa mara na kutoa matokeo bure kwa umma. Yasome mwenyewe. Utaona kwamba Defender, iliyowahi kuwa kichekesho kwa wataalamu, siku hizi haiachwi mbali na zile za kulipia.

Angalizo moja ambalo silifichi: Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako bado inaitumia na hukujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, basi mlinzi unaye lakini ukuta una nyufa, na hakuna programu ya bure itakayoziba nyufa hizo.

Wenye Mac wana XProtect, inayofanya kazi kimyakimya ndani ya mfumo. Wenye Linux mara nyingi hutajiwa ClamAV, ambayo ni nzuri, ila umahiri wake hasa ni kuchuja barua pepe kwenye seva.

Sasa tuje kwa yule wa pili, mkaguzi unayemwita ukiwa na shaka. Hapa Malwarebytes ya bure inatosha. Ukiiweka huanza na siku 14 za majaribio ya toleo la kulipia. Zikiisha, inabaki kuwa mkaguzi wa kuitwa tu, na hapo ndipo inapofaa kukaa pamoja na Defender bila ugomvi. Kivinjari kikiwa ndicho kinachosumbua, kurasa zinabadilika na matangazo yanachipuka kusikostahili, mimi hukimbilia AdwCleaner kwanza. Ni ya kampuni hiyohiyo, haihitaji hata kusakinishwa. Unaifungua, inakagua, unaisoma orodha, unaamua. Naomba uisome hiyo orodha kabla ya kufuta. Wakati mwingine kuna programu uliyoiweka mwenyewe na unaitaka.

Kuna ukaguzi mwingine ambao watu wanao na hawaujui. Ndani ya Windows Security, kwenye machaguo ya ukaguzi, upo ule wa nje ya mtandao. Ukiuchagua kompyuta inajizima na kuwaka upya, kisha inakaguliwa kwa muda wa kama robo saa kabla Windows yenyewe haijaamka. Faida yake ni kwamba jasusi aliyezoea kujificha mfumo ukiwa unafanya kazi anakutwa bado amelala. Hifadhi kazi yako kwanza.

Mahali pa tatu pa kuweka kinga ni kivinjari, kwa sababu wageni wengi wabaya huingilia hapo. uBlock Origin ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, cha bure, msimbo wake uko wazi, na mtengenezaji wake hapokei hata michango. Kinazuia matangazo, yakiwemo yale yanayojifanya kuwa kitufe cha kupakua. Kwenye Firefox kinafanya kazi kikamilifu. Kwenye Chrome utapata toleo jepesi linaloitwa uBlock Origin Lite. Baada ya hapo pitia viendelezi vingine ulivyonavyo, kimoja kimoja. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kusoma unachoandika kwenye ukurasa wa benki. Cha kubadilisha rangi ya ukurasa kinahitaji ruhusa hiyo ya nini?

Nirudi kwenye lile swali la riziki. Kampuni nyingi hutoa toleo la bure zikitumaini siku moja utanunua la kulipia, na hiyo ni biashara ya haki. Lakini Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5. Kosa lake: data za tovuti walizotembelea watumiaji zilikusanywa kupitia antivairasi na viendelezi vyake, kisha zikauzwa na kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Yaani bidhaa ilitangazwa kwamba inazuia kufuatiliwa, kumbe yenyewe inafuatilia. Mkasa wa pili ni wa ulaghai mtupu. Mtandao uliosambaza programu bandia kama WinFixer uliwatisha watu zaidi ya milioni moja kwa ukaguzi wa uongo, wakanunua tiba ya ugonjwa ambao hawakuwa nao, na mwaka 2012 mahakama ya Marekani ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163. Ile programu ya namba 412, 389 na 440 ni mjukuu wa ukoo huo.

Ndiyo maana namna ya kupakua ina uzito kuliko jina la programu. Usiandike "antivairasi ya bure" kwenye injini ya kutafutia ukabonyeza tokeo la juu, maana mara nyingi hilo ni tangazo lililolipiwa, na walaghai nao wana pesa ya kulipia. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji. Faili ikishashuka, kabla ya kuifungua, ipeleke VirusTotal, huduma ya bure iliyo chini ya Google tangu 2012, inayoipitisha kwenye injini za antivairasi zaidi ya 60. Ikija alama moja au mbili za hatari kati ya zote, huenda ni kosa la injini hizo. Zikija 20, futa. Usipeleke huko nyaraka zako binafsi, kwani wanaopata faili zinazopelekwa ni wengi.

Na hata tovuti halali huweza kuvamiwa. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe likiwa na mdudu ndani, likafika kwenye kompyuta milioni 2.27 kabla halijagunduliwa. Hakuna ambacho mtumiaji wa nyumbani angefanya kulizuia, ila jambo moja tu: kutokuwa na programu asiyoihitaji. Programu za "kusafisha" na "kuongeza kasi" ndizo za kwanza ninazoziondoa.

Upo ujanja mmoja ambao umeenea sana na ambao kinga yako, ya bure au ya kulipia, huenda ikachelewa kuushika. Unafungua ukurasa, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti. Badala ya kuchagua picha, unaelekezwa ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Tuangalie kinachotokea. R inafungua kisanduku cha kuendeshea amri. Ctrl na V inabandika kile ambacho ukurasa ule ulishakinakili kisirisiri. Enter inaiendesha amri. Mwizi hakuvunja mlango, wewe umeufungua kwa mikono yako. Hakuna uthibitisho wa kweli unaohitaji vitufe hivyo. Funga ukurasa.

Ukitaka kujua kama mlinzi wako yuko macho, tafuta faili ya majaribio ya EICAR, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa antivairasi, kwenye tovuti yao. Ni maandishi ya herufi na alama 68 tu, hayana madhara yoyote, lakini watengenezaji wa antivairasi walikubaliana kuyakamata kana kwamba ni kirusi. Ukiipakua na kompyuta ikakaa kimya, kinga yako imelala. Ikipiga kelele, ujue tu kwamba ipo kazini. Ubora wake hujaupima.

Na kama umeshaibiwa? Usianze kubadilisha nywila kwenye kompyuta hiyohiyo. Chukua kifaa kingine unachokiamini, anza na barua pepe, kisha benki, na kila mahali chagua kuondoka (log out) kwenye vifaa vyote, ili zile tiketi zilizoibwa zife. Ndipo urudi kuisafisha kompyuta. Nina neno pia kwa anayeshuku kwamba programu ya kijasusi imewekwa na mtu wa nyumbani mwake, mwenzi labda: usiifute haraka. Ikizimika ghafla, aliyeiweka atajua. Tafuta msaada kwanza, kwa kutumia simu au kompyuta ya mtu mwingine.

Yule mama alibadilisha nywila zake kwenye simu akiwa amekaa palepale mezani kwetu, huku sisi tukiziondoa zile programu nne. Tulimwachia Defender, Malwarebytes ya kuitwa na uBlock Origin. Kijana tukamfungulia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha, na nywila ya akaunti kuu akabaki nayo mama. Kijana hakufurahi.