Bundi wa Athene na patasi

Nikipewa sarafu ya drakma nne (drakma ilikuwa pesa ya Wagiriki) ya Athene ya kale, kwanza natafuta jeraha. Nyingi zina mkato wa patasi, aghalabu upande wa bundi, na wakusanyaji huzikwepa kwa kuwa zimeharibika. Mimi hizo ndizo nizipendazo.

Sarafu yenyewe ina gramu 17 na ushei za fedha (nasema madini, siyo pesa), nyingi ikitoka migodi ya Laurion, katika ardhi ya Athene yenyewe. Upande mmoja yupo Athena, mungu wa kike wa mji, na kofia yake ya vita. Wa pili bundi, tawi la mzeituni na herufi ΑΘΕ, mwanzo wa jina la mji. Kwetu bundi akitua juu ya paa hufukuzwa. Kule alikuwa ndege wa mungu wa mji. Sasa tazama jicho la Athena: uso umegeukia upande, jicho limekukodolea wewe. Wachongaji wa karne ya 5 KK walijua kuchora vizuri zaidi ya hapo, ila sura ile ya kizamani iliachwa vilevile kwa miongo mingi. Mfanyabiashara wa mbali alikwisha kuizoea. Ukiibadilisha, anaanza kuuliza maswali.

Karne hiyohiyo Athene iliwaamuru washirika wake watumie sarafu, mizani na vipimo vyake. Ushirika gani huo, mtu akupangie hadi kibaba?

Baadaye ikashindwa vita, mwaka 404 KK, na dola ikavunjika. Bundi akabaki, na waigaji wake wakawa wengi. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 375/374 KK, ninayoipenda kuliko maandishi yote ya fani hii. Mkaguzi, mtumwa wa serikali, akae sokoni kati ya meza za wabadilisha fedha. Akikuta shaba au risasi ndani ya sarafu, aikate palepale. Aliyoipitisha, muuzaji akiikataa, ananyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Mkaguzi naye akitegea kazi, viboko 50. Yaani raia huru anafungwa na neno la mtumwa, kwa kuwa nyuma ya mtumwa upo mji.

Lakini mikato mingi ninayoiona ilipigwa Misri na Mashariki ya Karibu, ambako fedha iliuzwa kwa uzito na yeyote mwenye patasi alijikatia ajionee ndani. Huko bundi alikuwa kipande cha madini tu.