Watu wamejaa, ila nani kapiga simu?

Ajali ya bodaboda, Barabara ya Kilwa karibu na Rangi Tatu, Dar es Salaam, saa moja jioni watu ndo wanatoka makazini. Nashuka kwenye daladala nakuta watu kama thelathini wamemzunguka kijana kalala chini, damu inamtoka mguuni inachuruzika mpaka kwenye lami, na simu kibao ziko juu zinarekodi. Nikauliza jamani nani kapiga simu polisi? Kimya. Wanaangaliana tu, kila mmoja alidhani mwenzake keshapiga.

Mimi nafundisha huduma ya kwanza, na kila darasa lazima mtu aseme watu wa mjini siku hizi wana roho mbaya. Mi sikubali. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio New York, mwanafunzi anawekwa chumbani peke yake anaongea na wenzake kwa intakomu, ghafla anasikia mmoja kashikwa na kifafa (ilikuwa sauti ya kurekodi tu lakini yeye hajui). Walioamini ni wao tu wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika, ila walioamini kuna wengine wanne nao wanasikia, asilimia 31 tu. Na hao waliobaki ndani sio kwamba hawakujali, walikutwa mikono inatetemeka, viganja vina jasho. Yani wingi wenyewe ndo unatufunga miguu.

Kwetu kuna na hofu ya PF3, ile fomu ya polisi ya kumtibu majeruhi, mtu anawaza nikimgusa nitaisaidia polisi mimi. Ile fomu inamhusu majeruhi jamani, sio wewe uliyembeba. Mtu anavuja damu mkimbizeni hospitali, fomu ifuatiliwe huku anahudumiwa.

Kwa hiyo ukikuta tukio usipige kelele "msaidieni jamani", hapo umemwambia kila mtu na hujamwambia yeyote. Chagua mmoja, mnyooshee kidole, mpe kazi. Siku ile nilimwambia "wewe kaka wa kofia nyekundu, piga 112, ongea hapa hapa nisikie", akapiga. Nikamgeukia mama mmoja muuza mihogo, "mama naomba kanga yako", wala hakuuliza akaivua begani, tukaikunja tukaikandamiza kwenye kidonda kwa nguvu bila kuachia achia, maana ukifunua funua kuchungulia damu inaanza upya. Dereva wa boda mwingine nikamwambia azuie magari.

Kuna mtu alishafika na chupa ya maji anataka kumnywesha, nikamkatalia. Majeruhi usimpe kitu mdomoni hasa kama fahamu hazijakaa sawa, yatampalia. Helmeti nayo usiivute kama anapumua vizuri, shingo inaweza kuwa imeumia. Na kama kuna mafuta yamemwagika kaa mbali, watoe na wengine, hakuna sigara, piga 114 Zimamoto. Msamvu pale Morogoro Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka watu wakasogea kuchota petroli, likalipuka wakafa zaidi ya mia moja.

Kijana wetu alichukuliwa akiwa anaongea. Yule kaka wa kofia nyekundu akanifuata akaniambia, "dada, namba nilikuwa nishaiandika kwenye simu kabla hujafika, nikawa naona aibu kuibonyeza".