Wenye miili mikubwa, tafuteni wenzenu

Jumatatu ndo siku ya kliniki ya presha na sukari hapa kwetu, na kulikuwa na mama mmoja kila akija anakaa lile benchi la mwisho karibu na mlango, anasubiri foleni iishe kabisa ndo asogee kwenye mizani. Ukimuuliza anasema alikuwa anapumzika. Baadae akanieleza, kuna kituo aliwahi kwenda akapandishwa mizani mbele za watu, mhudumu akazitaja kilo zake kwa sauti akasema "mama usituharibie mizani", watu wakacheka na yeye akacheka nao, afu akakaa miaka miwili hajapima presha popote.

Mimi ni nesi wa lishe na ushauri nasaha. Watu wenye miili mikubwa ushauri wa kupungua wanaupata bure kila siku, kwa konda anayedai nauli ya siti mbili, kwa shangazi msibani, kwa fundi anayesema kitambaa hakitoshi kabla hata hajashika futi. Kwetu tena ndo inachanganya zaidi maana ukinenepa kidogo unaambiwa umenawiri, ndoa imekukubali, ukizidi unaitwa bonge, na ukianza kupungua wanaanza kunong'ona huyu ana nini, wengine wanataja ngoma, yaani UKIMWI, moja kwa moja. Sasa mtu hapo aelekee wapi? Na kusimangwa hakujawahi kumpunguza mtu, tafiti zimeonyesha anayedhalilishwa sana kwa ajili ya mwili wake anakwepa hospitali, anaona aibu kufanya mazoezi mbele za watu, na wengi wanaishia kula zaidi kwa ajili ya msongo.

Ndo maana naamini sana vikundi. Tulishajifunza kwa WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mtu aliyekataa kabisa kumsikiliza daktari anakaa na mwenzake anayemeza dawa zilezile, wanaongea, kesho yake anarudi kliniki mwenyewe. Kwenye mwili ni hivohivo. Yule mama nilimkutanisha na wenzake wawili, wakaanza kukaa wote wakisubiri zamu, na kitu cha kwanza walichogundua wala hakikuwa chakula, kilikuwa ni kafu, kile kitambaa kinachofungwa mkononi wakati wa kupima presha. Wote watatu kilikuwa kinawabana mpaka kinaachia chenyewe, na kila mmoja alidhani ni mkono wake tu ndo una shida! Mkono ukizidi kama sentimita 34 kafu ya kawaida haifai, inasoma juu kuliko ukweli. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2023, wanaohitaji kafu kubwa kabisa wakipimwa kwa ile ya kawaida namba ya juu ilipanda kwa karibu 20, yaani una 125 unaandikiwa 145 na dawa juu yake.

Sisemi unene hauna madhara, sukari, presha na magoti tunayaona hapa kila wiki. Ila kuukubali mwili ni kuuhudumia ulivyo leo, ununue dera linalokutosha sasa hivi usisubiri upungue, uende kupima, utembee jioni na wenzako bila kujificha. Mtu anayeuchukia mwili wake ni vigumu sana kuutunza, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kikundi hakihitaji katiba wala mhuri. Wawili wanatosha kuanzia, mwenzio wa VICOBA, wa kwaya, au muulize nesi wa kliniki yako kama kuna mwingine anayetafuta wenzake. Mkubaliane hamna kuulizana kilo, na anayekuja na chai au vidonge vya kukata tumbo asiuze humo, hapo msimwonee mtu haya. Baadhi ya hizo zinazoitwa za asili zimeshakutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo, na kwenye pakiti haiandikwi. Na kama kuna mwenzenu anakula afu anajitapisha, au anasema hana haja ya kuishi, msimwachie kikundi peke yake, msindikizeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mama wa benchi la mwisho siku hizi anafika saa mbili asubuhi na wenzake. Mizani tumeihamishia chumba cha ndani, kilo zinaandikwa kimyakimya, na kwenye kadi yake tumeandika kwa wino mwekundu: kafu kubwa. Ipo droo ya pili chini ya meza ya kupimia, ukikuta haijatolewa iulizie.